Uso Usiotazamwa

Mimi riziki yangu ni kushuku. Wengine huamka wakaenda shambani, wengine sokoni. Mimi huamka nikaenda kuwatilia watu shaka, na sitasema uongo, kazi yenyewe inanikaa. Mama yangu kule Vanga hupenda kusimulia kwamba siku niliyozaliwa nilimkazia mkunga macho kana kwamba ameniibia kitu. Basi Baraza la Shuhuda lilipotangaza kwamba linatafuta wapekuzi, sikuwa na tabia mpya ya kujifunza.

Mpekuzi ni mtu anayeingia ndani ya ushuhuda kabla ya majaji. Anavua viatu, anaingia peke yake katika chumba cha mviringo ambacho kila mtu hukiita pango, mlango unafungwa, na mara yumo: ndani ya kijiji kinachochomwa, ndani ya seli, ndani ya lori lililojaa watu waliofungwa mikono. Anatembea humo, anainama, anasikiliza, anatafuta uongo. Asipouona anaweka muhuri wake na majaji wanaruhusiwa kuingia. Bila muhuri, ushuhuda ni sinema kama sinema nyingine.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimerudi tena ndani ya ushuhuda wa Kyamalili, na kulikuwa na kitu kinanikera kama mchanga kwenye wali.

Kyamalili kilikuwa kijiji cha Ukambani, mashariki mwa Kitui, mahali pa mbuzi na mbaazi, mpaka kampuni ya Mwamba Mpya ilipogundua kwamba watu wale walikuwa wamelala juu ya madini ya betri. Siku ya kufukuzwa, walinzi wa kampuni walifika na mabomba ya moto, yale ya gesi. Nyumba zilichomwa, na katika mojawapo alikufa Mzee Kimeu, aliyekuwa amepooza miguu. Ushuhuda ulijengwa kwa kumbukumbu ya mkewe, Syombua. Ukiingia unasimama pale aliposimama yeye, unaona alichokiona yeye.

Nikaona. Jua bichi, vumbi jekundu, mayowe ya mbali. Nyuma yangu mlango wa nyumba yenye paa la nyasi, na sauti ya mzee ikiuliza kuna nini. Mama anatoka kwenda kutafuta mtu wa kusaidiana naye kumbeba mumewe. Anashika kinjia chembamba, minyaa upande mmoja, migunga upande mwingine. Mbele kunasikika kikohozi kimoja kifupi, kisha kwenye kona anatokea mlinzi mwenye sare ya kijani, bomba la moto mkononi. Uso wake unaonekana waziwazi: kidevu kipana, kovu juu ya nyusi ya kulia. Halafu mambo yanakuwa ya ajabu. Mlinzi anaondoka njiani. Anaingia kwenye miiba ya migunga, anageuza mgongo, anainamisha shingo, anasubiri. Na mbele ya macho ya mama unapita upindo wa leso, kwa maana amejifunika kichwa.

Nikasimamisha kila kitu. Mtu amekuja kuchoma nyumba za watu, adabu hii ya kumpisha mama mzima mpaka achomwe na miiba ameitoa wapi? Na huyu mama moshi haujaanza, mbona anajifunika?

Nikaita uzi wa macho. Huu ni mstari mwembamba wa mwanga unaoonyesha pale macho ya shahidi yalipotua, kwa sababu utepe anaovalishwa kichwani wakati wa kusimulia husoma vyote viwili, alichokumbuka na alikokuwa anatazama. Uzi ulitoka mlangoni, ukafuata njia, ukafika kwenye kona. Kikohozi kiliposikika uliteremka chini, ukagusa buti za mlinzi mara moja, kisha ukakimbilia kwenye minyaa na kubaki huko. Mgongo uliingia pembeni mwa jicho tu. Usoni uzi haukufika kabisa.

Nilirudia. Nikarudia tena. Syombua hakuwahi kuutazama uso ule, na uso ule ulikuwa tayari umemweka mtu rumande. Mtu huyo aliitwa Ngumbau. Nilikuwa nimemtembelea, akaniapia kwamba asubuhi yote alikuwa kwenye geti akiyafungulia malori ya kampuni. Malori yenyewe hayana dereva, kwa hiyo hayakuweza kumtolea mtu ushahidi, na kamera zake, kampuni ilisema, zilikuwa na hitilafu siku hiyohiyo. Sikumwamini. Ukiwauliza, rumande nzima ilikuwa kwenye geti siku ya tukio.

Sasa nilitoka pangoni nikitafuta viatu vyangu.

*

Ushuhuda ulijengwa na Kitonga, fundi wa shirika lililowatetea watu wa Kyamalili. Alikuwa mtu mpole mwenye ndevu za kujaribu, Mkamba wa kuzaliwa na kukulia Nairobi, na kila nilipomhitaji alitokea akiwa na chai mkononi. Mimi mtu mwenye shauri akinipa chai huwa naanza kuinywa kwa macho. Nikaiweka kando, nikamwonyesha uzi, nikamwuliza uso umetoka wapi.

Hakubabaika, na hilo likanitia wasiwasi zaidi. Alinieleza kwa utaratibu, kama anayemfundisha mtoto wa shangazi. Sheria inasema alichokosa kukiona shahidi kiachwe kuwa ukungu. Lakini mashine imefundishwa pia kwamba mtu aliyejawa na hofu hamtazami anayemtisha. Hutazama miguu yake, hutazama kando. Kwa hiyo ikiona macho yanakimbia namna ile, huhesabu kwamba ni hofu, na inaruhusiwa kuazima kutoka vyanzo vingine. Jirani mmoja alikuwa amepiga picha kwa simu karibu na geti: mlinzi wa kimo kilekile, sare ileile, buti zilezile, asubuhi ileile. Mashine ikaazima uso huo ikauvalisha mwili ule. Baada ya hapo kilichobaki ni shahidi kuingia pangoni na kuthibitisha.

"Na alithibitisha?" nikauliza.

"Nilikuwa naye, Bi Mwanasha. Nilimwuliza, mwaitu, hivi ndivyo ilivyokuwa? Akasema ndivyo. Mimi siwatungii watu uongo."

Kinywa kilisema hivyo, lakini mkono wake ulikuwa ukizungusha kikombe. Nikawaza haraka haraka: ama Kitonga amempika mama wa watu, ama kampuni imemnunua ili ushuhuda uje kuanguka mbele ya majaji, ama mama mwenyewe ana kisasi na huyo Ngumbau. Dalili ya mvua ni mawingu, na hapa mawingu yalikuwa ya kutosha mafuriko.

Kitonga alinisoma usoni, akanikumbusha kilichokuwa mezani kana kwamba nimesahau. Kampuni haikukana kwamba watu walichomewa nyumba. Ilikana kwamba waliochoma ni watu wake. Ilisema ni wahuni waliovaa sare za wizi. Pasipotambuliwa hata mlinzi mmoja, Mwamba Mpya haina hatia, ardhi ya Kyamalili ni yake, na zile familia zote zilizofukuzwa zinabaki kambini milele. Uso ule mmoja ndio uliokuwa umeshikilia kesi nzima. Kusikilizwa ni kesho.

Aliongeza kwa sauti ya chini kwamba hata huyo Ngumbau si malaika. Sare aliivaa, mshahara aliula. Nikamwambia kwamba kuvaa sare na kumchoma mzee ni makosa mawili mbalimbali. Nikachukua mkoba wangu nikaenda kambini, na chai ikabaki pale ikipoa.

*

Syombua alikuwa ameketi nje ya hema akichambua mbaazi kwenye ungo. Mama mkavu, mrefu, leso imefungwa kichwani barabara. Nikamwita mwaitu, neno la kwao la mama nililolisikia kwa Kitonga, akatabasamu kidogo kwa jinsi nilivyolitamka. Alinipa kigoda. Nikamwuliza habari za siku ile, akajibu kila swali kwa maneno machache, macho yakiwa kwenye mbaazi. Nami nikayahesabu maneno hayo machache kama dosari, maana ndivyo nilivyo.

Mwishowe nikamwomba anieleze uso wa mlinzi.

"Uso wake siujui," akasema.

"Lakini yeye unamjua?"

"Namjua."

Akatupa mbaazi mbovu. Nilingoja aendelee, hakuendelea. Nikajiambia, Mwanasha, huyu ndiye. Amefundishwa na anaona aibu kumaliza uongo mbele yako. Nilikuwa tayari nimemhukumu. Nikamwomba twende wote pangoni, akauliza kama ni lazima, nikasema ni lazima. Akajifuta mikono, akasimama, akaingia kwenye gari.

Pangoni alivua kandambili zake akazipanga mlangoni kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe. Nikaanzisha ushuhuda, nami safari hii sikutazama kijiji, nilimtazama yeye. Sauti ya Mzee Kimeu iliposikika kutoka ndani, aligeukia mlango. Alianza kutembea, na njia ikamfuata. Kikohozi kikasikika.

Hapo niliona jambo ambalo mashine zote za Baraza hazikuliona. Kabla mlinzi hajatokea kwenye kona, mama yule aliivuta leso yake mpaka mbele ya uso, akageuka kuelekea minyaa, akasimama. Kwenye migunga ile picha ya mlinzi nayo ikageuza mgongo. Wakabaki hivyo, mtu na picha, wamepeana migongo na njia tupu katikati yao. Haikuwa hofu. Mwenye hofu hurudi nyuma, hujikunyata, hukimbia. Huyu alisimama wima akingoja, kwa utulivu wa mtu anayetimiza jambo alilolitimiza maisha yake yote.

Nilisimamisha ushuhuda. Nilikuwa nimewahi kusikia mambo haya chuoni, kwa rafiki yangu wa Machakos aliyeyacheka kama mambo ya bibi zake.

"Mwaitu," nikasema, "huyu ni mkweo."

Aliivuta leso kidogo zaidi. Kisha akasema, bado uso ukiwa kwenye minyaa, kwamba ndiyo, ni Muthengi, mume wa binti yake Nduku. Akanieleza nthoni, ile haya ya mama na mkwewe. Mkwe na mama mzaa mkewe hawatazamani. Wakikutana njiani kila mtu huingia porini upande wake. Mkwe mwenye adabu hukohoa anapofika kona ili mama mkwe ajue ni nani anakuja. Akiwa na neno la kumwambia, hulipeleka kwa mtu mwingine, au husemea nyuma ya ukuta. Vijana wameyaacha hayo, alisema, siku hizi wanapiga picha pamoja wamekumbatiana. Yeye hakuyaacha, na Muthengi, pamoja na mengine yake yote, hakuyaacha.

"Ndiyo maana Kitonga alipokuuliza ukasema ndivyo ilivyokuwa."

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

Ndivyo ilivyokuwa. Njia, buti, kikohozi, mgongo. Kitu kimoja tu kilikuwa cha uongo, nacho ndicho pekee ambacho yeye asingekitazama hata ndani ya pango. Nilisikia aibu kwa jinsi nilivyomwazia. Kisha nikasikia jambo zito kuliko aibu, kwa sababu ilinibidi nimwambie.

Nilimwambia kwamba usoni pale mashine imeweka mtu mwingine, mwenye kovu juu ya nyusi. Akatikisa kichwa. Muthengi alikuwa akichunga mbuzi karibu na kwake alipokuwa mdogo, kabla ya kuposa. Wakati huo alimtazama kama anavyotazamwa mtoto yeyote wa jirani. Hana kovu. Nikamwomba ageuke ahakikishe, kwa kuwa huyu si mkwe wake na hakuna haya yoyote. Akageuka polepole, leso akiishusha kidogo kidogo, akamkabili Ngumbau wa watu, aliyesimama pale na bomba la moto ambalo hakulishika kamwe.

"Huyu ni nani?"

"Ni mlinzi aliyekuwa getini. Ndiye aliyefungwa."

"Ana mama?"

"Anaye."

Alikaa chini, kwenye sakafu ile nyeusi iliyokuwa imevaa vumbi la Kyamalili. Akaniambia kwamba alipoambiwa mlinzi amekamatwa, alijua ni Muthengi. Nduku alikuwa ameacha kuja kambini, wala yeye Syombua asingemtuma mtu kwenye nyumba ya mkwewe kuuliza. Alimlilia binti yake na wajukuu, lakini moyoni alishukuru. Mashine imemtaja mkwe, alisema, sikumtaja mimi.

Halafu akaleta lile ambalo utepe haukulisoma, kwa kuwa halikuonekana kwa macho. Pale njiani, alijua Muthengi anaelekea wapi na ameshika nini. Alijua pia kwamba Muthengi ameona mama mkwe ametoka, na kwa hiyo anaamini mzee ameshabebwa na nyumba ni tupu. Ilitosha kusema neno moja.

"Ndani mna mtu. Basi. Lakini mkwe haitwi njiani, mwanangu. Tangu ampose Nduku mdomo wangu haujawahi kumwita. Nikakimbia kwa jirani nitafute mtu wa kumwambia. Niliporudi naye, paa lilikuwa limeanguka."

Nilikaa naye chini, na nikalia, mimi ambaye huwa siwaamini hata wanaolia.

*

Kitonga alitungoja mlangoni. Nilipomweleza, alishika kichwa, kisha nikaona wazo likimjia, nikaona linavyompendeza.

Alisema basi jambo ni rahisi. Uso wa Ngumbau utolewe, uwekwe wa Muthengi. Picha yake ipo, ilipigwa na jirani siku nyingine. Si ndiye? Si ukweli mtupu? Dhuluma itoke, haki iingie, na kesho majaji waone yule aliyefanya.

Sitajifanya malaika. Lilinivuta. Ngumbau angerudi kwa mamake, Kyamalili kingepata ardhi yake, Syombua asingelazimika kufungua mdomo, na katika picha ile kusingekuwa na jambo hata moja lisilotokea. Mkono wangu ndio ulioshika muhuri. Nani angejua?

"Wewe ulimwona Muthengi siku hiyo?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Mwaitu aliuona uso wake?"

Akamtazama mama, akamwona anavaa kandambili zake. "Hapana."

"Basi huo uso tunaoutia, ni nani aliyeuona?"

Alikasirika. Akasema mimi ni mtu wa pwani, sina jamaa aliyechomwa, naweza kujistarehesha na maswali. Akasema kampuni ina mawakili kama siafu, na mimi nataka kuwapelekea mtu asiye na uso. Alikuwa na haki ya kukasirika. Nami nikamwambia kwamba leo tukiweka uso wa kweli usioonwa na mtu, kesho kampuni nayo itatuletea nyuso zake, zinazong'aa kuliko zetu, na mpekuzi atakayekuwa mlangoni hatakuwa na pa kusimama. Wala sikuwa na hakika ninayoyasema yangemfaa mtu aliyelala kambini.

Syombua alituacha tumalizane. Kisha akamwambia Kitonga, kwa sauti ya mama anayemtuma mtoto maji, autoe uso wa mtoto wa wenyewe. Pale paachwe hivyohivyo.

"Na wa Muthengi, mwaitu?"

"Nduku ana watoto wa mtu huyo," akasema.

Kitonga aliutoa uso. Pale ulipokuwa pakabaki ukungu wa kijivu juu ya sare ya kijani. Nikaweka muhuri wangu, na nikarudi nyumbani nikijua kwamba huenda nimemwokoa mtu mmoja na kukiangamiza kijiji.

*

Ukumbi ulijaa. Upande wa kushoto walikaa watu wa Kyamalili. Upande wa kulia, nyuma ya mawakili, kampuni ilikuwa imewaleta walinzi wake wote waliokuwa zamu siku ile, kama Baraza lilivyoagiza, sare zimepigwa pasi, kofia mapajani. Niliwapekua mmoja mmoja kwa macho nikitafuta Muthengi. Nilijidanganya tu, kwangu wote walikuwa na uso wa kuua.

Majaji waliingia pangoni bila viatu, wakakaa humo, wakatoka. Jaji Naliaka, mwenyekiti, alikaa kwenye kiti chake na miguu mitupu, akaomba maji. Wakili wa kampuni hakumpa nafasi ya kuyamaliza. Alisimama akalishukuru Baraza, akamshukuru hata mpekuzi kwa uaminifu wake, akaniinamishia kichwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Alisema wateja wake wanasikitishwa na kifo cha mzee yule, lakini Baraza limejionea lenyewe: mtu wa ukungu. Mtu wa ukungu hana mwajiri. Akaomba Ngumbau aachiliwe leo hii na kesi ifungwe pamoja naye.

Jaji aliuliza kama shahidi ana la kuongeza kwa mdomo wake. Kitonga, aliyekaa karibu na mama, alitazama chini. Syombua akasimama.

"Mama, unaweza kumtambua mtu uliyekutana naye njiani?" Jaji akamwuliza.

"Sijawahi kumtazama usoni tangu awe mtu mzima."

Wakili alitabasamu. Wazee wa Kyamalili hawakutabasamu. Niliwaona wakigeukiana, na minong'ono ikapita kwenye mabenchi yao kwa Kikamba, kwa sababu katika ukumbi ule mzima, ukiniondoa mimi na Kitonga, wao peke yao ndio waliokuwa wameelewa ni mtu gani ambaye mama anaweza kuishi naye jirani asimtazame.

Syombua alifungua fundo la leso. Aliivua kichwani, akaikunja, akaiacha kwenye kiti. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa, sikuwa nimeziona. Kisha akatoka kwenye benchi, akakatiza ukumbi, uso juu, akielekea kwa walinzi. Nyuma yangu mama mmoja wa Kyamalili alijifunika macho kwa kiganja. Mwingine akafuata. Mzee mmoja aliinamisha kichwa mpaka magotini. Askari wa Baraza alitaka kumzuia, Jaji akamwashiria amwache.

Alifika mstari wa mbele wa walinzi akaanza kuwatazama. Wao wakamtazama, wengine kwa kuchoka, mmoja kwa dharau, kama anavyotazamwa mama mzee yeyote aliyepotea njia. Akaumaliza mstari ule. Akaingia wa pili. Wakili alikuwa ameanza kulalamika kwamba huu ni mchezo wa kuigiza.

Kukasikika kikohozi. Kimoja, kifupi.

Kwenye mwisho wa mstari wa tatu mlinzi mmoja alikuwa ameinuka. Nadhani hakuamua kuinuka. Nadhani mwili ulitangulia. Alitoka kwenye benchi kabla mama hajamfikia, kofia ikamdondoka, akaondoka njiani mpaka ukutani, akageuza mgongo, akainamisha shingo. Akasubiri apite.

Jaji Naliaka alisimama. Na majaji wawili wengine wakasimama. Walikuwa wametoka kuuona mgongo ule muda mfupi uliopita, kwenye miiba, hatua chache kutoka walipokuwa wao.

Wakili aliketi. Niliona yule mlinzi akijitambua. Aliweka kiganja ukutani, lakini hakugeuka. Hata hapo hakuthubutu kugeuka. Syombua alisimama nyuma yake, karibu kuliko mama mkwe yeyote wa Kyamalili alivyowahi kusimama na mkwewe. Akafungua mdomo, ukajifunga. Nikajikuta naomba, mimi nisiyeomba, kwamba sauti itoke.

"Muthengi," akamwita. "Ndani mna mtu."